Viatu vya Kizibo na Tone la Golondrina

"Huvikati!"

"Nusu yake tu, shangazi."

"Hata robo. Weka kisu cha mkate chini, Eleuterio, mkate wenyewe sijaumaliza."

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amesimama katikati ya ua wangu, miaka sitini na tatu kichwani, mkono mmoja kisu, mkono wa pili kiatu changu cha ujanani. Soli yake ilikuwa kizibo kitupu, lile gome jepesi la kuzibia chupa, unene wa vidole vinne. Kwa viatu hivyo nilicheza kanivali ya mji wetu wa Gibara siku tatu bila kukaa. Siku ya nne mvua ikafurika mitaani, wenzangu wakalowa mpaka kiunoni, mimi nikaelea wima hadi mlangoni kwangu. Walioniona wote wamekufa, kwa hiyo hakuna wa kunibishia.

"Unavivaa lini?" akaniuliza.

"Nikiota."

"Basi na mimi naota. Zoila amesema saa kumi."

Neno la Zoila lilikuwa limeshazunguka mji mzima. Zoila ni mjane kama Eleuterio alivyo mgane. Ana nyumba ya zamani yenye ukumbi wa kuingilia wa marumaru nyeupe, anaisugua kila asubuhi kwa majivu na limau mpaka mawingu yanajitazama. Alikuwa amemwambia hivi: "Jumapili njoo ule kwangu. Nitafungua milango yote miwili, uingize gari ndani. Likidondosha tone moja kwenye marumaru yangu, geuza, na usinipitie tena."

Milango yote miwili! Kwetu hufunguliwa kwa bibi harusi, kwa jeneza, na kwa gari la mwenye nyumba. Wageni hupita kwa mlango mmoja.

Lakini gari la Eleuterio, aliloliita Golondrina, yaani mbayuwayu, lilikuwa likidondosha. Ni gari la Kimarekani, rangi ya bahari pale maji yanapofika magotini, na limemzidi Eleuterio umri kwa miaka miwili. Oili ilitoka kwenye kifuniko cha juu ya injini, ikateremka polepole ubavuni kama mtu asiye na haraka, ikadondoka. Tone moja, kimya, tone la pili. Maisha yote ya mwenye gari ungeweza kuyasoma chini, barabarani. Waa dogo mbele ya duka la mkate. Waa pana langoni pa makaburi, alipokuwa akisimama kila Jumatatu kwa ajili ya marehemu mkewe Nieves. Na miaka miwili hii, waa jipya ng'ambo ya nyumba ya Zoila, chini ya taa, kubwa kuliko yote, maana hapo alikaa garini saa nzima akijifanya anasubiri abiria. Mimi nimeona kwa macho yangu paka wa mji wakifuata matone yale kwa mstari kama waumini nyuma ya sanamu ya mtakatifu.

"Si ulikata gasketi ya katoni ya kuziba hapo mwezi jana?" nikamwambia.

"Ikavuja."

"Ukafanyaje?"

"Nikakaza bolti."

"Halafu?"

"Ikavuja zaidi. Nikakaza zaidi."

Ya kununua usiniulize. Gari la umri ule halina duka, lina majirani tu. Mpini wa mlango wake ulitoka kwenye friji ya Remigio, na kioo cha nyuma kiliwahi kuning'inia kwa kinyozi. Sasa zamu ilikuwa imefika miguuni kwangu.

"Kata," nikasema. "Lakini kimoja tu. Kingine nitazikwa nacho."

Akaikata soli vipande vyembamba, kama nyama ya mwaka mgumu. Akakifungua kifuniko cha injini, akakilaza chali, akaweka kizibo ukingoni, akawa anagonga pembeni kwa nyundo ndogo, tok, tok, tok, mpaka ukingo wenyewe ukakata umbo lake. Vipande vinne, ncha zikishikana kama vidole vya wachumba. Jua lilikuwa limesimama. Ua ulinuka chumvi, mapera na mafuta ya taa. Kiti changu cha kubembea kikaenda, kikarudi, tok, tok, nami nikaenda nacho.

Nikamwona marehemu mume wangu Baldomero, fundi wa treni za miwa, ameketi juu ya injini akiwa amevaa viatu vyangu. Golondrina alikuwa akielea kidogo juu ya ardhi. Baldomero akainama kumsikiliza, kisha akaniambia, "Casilda, anasema anakabwa koo."

Nikaamka nikipiga kelele, "Acha kumkaba!"

Eleuterio alikuwa ameshika spana, akikikaza kifuniko juu ya kizibo, uso mwekundu. "Kumkaba nani?"

"Gari! Kitazame hicho kifuniko."

Akakifungua tena, akakilaza juu ya meza yangu ya jikoni, na kweli, kila penye tundu la bolti bati lilikuwa limebonyea kwa kukazwa, na kati ya tundu na tundu limeinuka. Mwanga ulipenya kati yake na meza. Mtu yule alikuwa ameitengeneza njia ya oili kwa mkono wake mwenyewe, miaka yote ile.

"Baldomero alikuwa akisema, bolti ikaze mpaka iseme asante. Usingoje iseme uwii."

Akaichukua ile nyundo ndogo. Akakinyoosha kwenye ubao, pigo jepesi, pigo jepesi, kama anayembembeleza mtoto. Akakirudisha na kizibo changu, akakaza kwa vidole, akamalizia na spana kidogo, huku na kule. Akaifuta injini yote. Nikaitandika foronya yangu nyeupe chini ya injini, Eleuterio akawasha, nasi tukakaa tukinywa kahawa huku Golondrina akikoroma kama mtu aliyeshiba.

Nilipofika mwisho wa kikombe nikainama nacho mkononi kuchungulia. Eleuterio akainama baada yangu.

"Tone," akasema. Akapiga magoti pale pale.

Na lilikuwepo. Dogo, la kahawia, katikati ya foronya.

"Hiyo ni kahawa. Imenidondoka nilipoinama."

"Ni oili, shangazi. Usinifariji."

"Mpumbavu we, pitisha mkono kwenye kifuniko! Pakavu."

"Sitaki kujua. Simwendei. Heri nisiende kuliko nifukuzwe mbele za watu."

"Onja basi!"

"Onja wewe!"

"Mimi nina meno mawili tu, siyahatarishi kwa—"

Lango likalia. Zoila, viatu vyeupe, saa tisa na nusu. Kungoja kulikuwa kumemshinda. Hakusalimu. Aliitazama foronya, akamtazama Eleuterio aliyekuwa bado amepiga magoti, akachuchumaa, akaligusa tone kwa kidole, akakitia kinywani.

Nyusi zikampanda, kama za mtu aliyepewa kikombe cha kahawa kisichobaniwa sukari. Akainuka, akaifuta foronya vumbi, akanikabidhi. Kisha akafungua mlango wa Golondrina, si wa nyuma wanakokaa abiria, wa mbele, akaketi.