Geti la Nne

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenifundisha kutaipu, kusalimia na kudanganya kwa adabu. Mawili ya kwanza yananilisha mpaka leo, maana nina stationari ndogo pale Kashai, mjini Bukoba, na mteja anayesalimiwa vizuri hurudi hata kama printa imemchafulia barua. La tatu nimelihitaji mara moja tu, na ndilo limenifanya niandike haya.

Nilipokuwa na miaka tisa, Shangazi alikuwa karani wa usharika wa kanisa huko Muleba. Alikuwa na mashine ya taipu iliyokuwa ikisikika mpaka barabarani. Siku moja likaja boksi kutoka kwa usharika rafiki wa Ulaya, na ndani ya boksi kompyuta, kubwa, nzito, rangi ya maziwa yaliyolala. Hakuna aliyekuja nayo kueleza itumikeje. Mchungaji aliizunguka mara mbili, akasema ni baraka, akaondoka. Shangazi akavuta kiti. Baada ya wiki tatu alikuwa anatoa ratiba ya ibada iliyonyooka kuliko mistari ya daftari, na hakuna mtu aliyemfundisha. Nimewahi kukaa darasani miezi sita kujifunza kompyuta, kwa mwalimu na kitabu, na bado nikikumbuka zile wiki tatu najisikia mvivu.

Jumamosi mchana, kazi za ofisi zikiisha, alituruhusu mimi na binti yake, ambaye namwita dada, kucheza mchezo uliokuwamo ndani ya ile kompyuta. Ulikuwa mmoja tu. Mtu mfupi mwenye kofia anapanda kilima. Njiani kuna miti ya majani mapana, na sisi hatukuwa na shaka kwamba ni migomba. Anaokota vitu vyekundu vya duara, na hatukuwa na shaka kwamba ni kahawa iliyoiva. Kisha anafika kwenye geti, na kando ya geti ameketi mzee. Mageti yalikuwa manne, na juu kabisa ya kilima ilionekana nyumba yenye dirisha moja.

Kila ukifika getini, maneno yalitokea juu ya kichwa cha mzee. Hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza. Yalikuwa ya lugha ya waliotutumia kompyuta, yenye herufi zilizobeba vidoti kichwani. Shangazi alivaa miwani yake, akasogea karibu na kioo, akasoma bila kusita.

“Mzee anasema, nyie ni watoto wa nani, mnapita kwenye kibanja cha watu bila hata salamu?”

Tukaona aibu kweli. Tukashuka kwenye viti, tukapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi, mikono mapajani, kama tulivyofundishwa kumsalimia mtu mzima. “Mpola waitu,” tukasema. Salamu ya Kihaya haina haraka. Umeamkaje, nyumbani hawajambo, wazee wanaendeleaje, mvua imenyesha huko kwenu, na kila jibu linabeba “waitu” yake ya heshima. Shangazi alimwitikia mzee, yaani kwa niaba yake, kwa sauti nzito ya kiume iliyotutia hofu ingawa tulikuwa tunamwona mdomo. Tulipomaliza tukainua macho, na geti lilikuwa limefunguka lenyewe.

Hatukushangaa hata kidogo. Ukimsalimia mtu, anakufungulia. Watoto wa mchungaji walipokuja kucheza walivipiga vitufe vyote, kimoja baada ya kingine, kisha vyote kwa pamoja, na geti halikusogea. “Hamjasalimia,” Shangazi aliwaambia akiwa anapanga karatasi zake. Mkubwa wao, aliyekuwa anajiona tayari yuko chuo kikuu, alisema kompyuta haina masikio. Alikwenda nyumbani bila kuvuka hata geti la kwanza, na mimi nilifurahi kupita kiasi.

Tulivuka mageti matatu katika kipindi kizima cha masika. Jumamosi tuliyofika la nne, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa la kanisa. Shangazi alikuwa na desturi ya kuchomoa waya mara tu akisikia ngurumo ya kwanza, kwa sababu radi za kwetu hazina mchezo. Siku hiyo ngurumo ilipiga tukiwa tumeshapiga magoti, katikati ya salamu. Nilimwona akitazama waya ukutani. Akatutazama sisi. Akaendelea kumwitikia mzee. Kumkatiza mtu salamu yake ni jambo ambalo Shangazi hajawahi kulifanya, si kwa mgeni wala kwa mlevi.

Radi ikapiga. Kioo kikazima, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa ofisi, na kompyuta haikuwaka tena. Mbele ya baraza la wazee wa kanisa Shangazi alisema alisahau kuchomoa waya, kosa ni lake. Hakututaja. Akarudi kwenye mashine yake ya taipu na kuipigapiga miaka mingine mingi, na sikumsikia akilalamika. Ila mara moja moja, tukiwa tunamenya ndizi, alikuwa anauliza tu, “Hivi kwenye ile nyumba ya juu anakaa nani?”

Mwaka jana macho yake yalianza kumsumbua. Nilimpeleka kliniki Bukoba, wakasema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kujulikana. Daktari alieleza kwa upole kwamba dawa ya matone inalinda kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Shangazi alimshukuru, akamuuliza habari za nyumbani kwao, na tulipotoka nje akanishika mkono kwa sababu ya ngazi.

“Wewe unashinda kwenye kompyuta,” aliniambia. “Nitafutie ule mchezo. Nataka niione ile nyumba kabla macho hayajanigomea kabisa.”

Hajawahi kuniomba kitu. Amenilipia shule, amenisuka nywele, amenitetea kwa baba yangu nilipokataa kuolewa na mtu wa duka la vipuri, na katika miaka yote hiyo hilo ndilo ombi lake la kwanza kwangu. Nikamwambia nitaupata ndani ya wiki moja. Ndiyo kiherehere changu.

Mtandaoni kuna jukwaa la watu wanaotafuta michezo waliyoicheza utotoni na kusahau majina yake. Sikujua kama tuko wengi hivyo. Mmoja anakumbuka rangi ya ngazi tu, mwingine mlio wa mchezaji anapokufa, na wageni wasiowajua wanakaa wanawasaidia bure, kwa uvumilivu ambao sijauona hata kwenye ofisi zinazolipwa kwa kazi ya kusaidia watu. Nikaandika kwa Kiingereza changu: mtu mfupi, kofia, shamba la migomba, anavuna kahawa, mageti manne, nyumba juu ya kilima.

Walinitumia michezo yenye nyani. Nilieleza kwamba hakuna nyani. Wakanitumia michezo ya kilimo, mmoja una trekta. Nilimpigia simu dada, ambaye sasa yuko Mwanza, akaniapia kwamba mtu wetu hakuwa na kofia, alikuwa na kikapu kichwani, na tukagombana kama watoto kwa dakika ishirini. Wiki yangu moja ikawa miezi minne. Kila nikimpigia Shangazi aliuliza, “Umeupata?” na mimi nikasema bado kidogo, na kila mara nikawa nahesabu moyoni ni mwanga kiasi gani umempotea tangu simu iliyopita.

Kitu kimoja sikukiandika pale jukwaani, nacho ni salamu. Niliona haya. Nilijua watanicheka: mtu mzima anaamini kompyuta inafunguliwa kwa kupiga magoti. Tena nilikuwa nimeshaamua kwamba ile salamu ni adabu za Shangazi tu, haihusiani na mchezo. Nilikuwa nawapa kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Siku moja stationari haikuwa na wateja, na hasira za kushindwa zilikuwa zimenijaa, nikaandika yote. Tulikuwa tunapiga magoti, nikasema, tunamsalimia mzee kwa lugha yetu, salamu ndefu, na geti linafunguka. Chekeni mkitaka.

Hawakucheka. Baada ya saa mbili mtu mmoja akauliza swali moja tu: wakati mnasalimia, mikono yenu ilikuwa wapi?

Nikajibu: mapajani.

Akaniandikia kwamba anaujua huo mchezo, alikwama kwenye geti la kwanza utoto wake wote. Uliandikwa nchini kwao na haukuvuka mipaka. Yule mzee ni mlinzi, na maneno ya juu ya kichwa chake yanasema: mlinzi amelala, usimwamshe. Ukigusa kitufe chochote anashtuka, na geti halifunguki. Ukikaa bila kugusa kitu kwa muda mrefu wa kuchosha, linafunguka lenyewe. Watoto wachache sana waliwahi kuwa na subira hiyo, alisema, akataka kujua shangazi yangu alifahamuje.

Niliyasoma mara tatu mpaka mteja akagonga kaunta. Shangazi hakuwa anajua hata neno moja la lugha ile. Alikuwa ametutungia yote, kwa miwani puani na sauti ya uhakika, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona watoto wake wanapita mbele ya mzee bila kusalimia. Na adabu hiyo ilifumbua kitu kilichowashinda watoto wa wenye lugha yenyewe. Nilijivunia yeye mpaka machozi yakanitoka mbele ya mteja, aliyekuwa amefuata fotokopi ya cheti cha kuzaliwa.

Yule mtu alinitumia mchezo wenyewe, pamoja na programu ya kuufanya ukubali kwenye kompyuta za siku hizi. Jumamosi nikafunga stationari, nikaenda Muleba na laptopu yangu. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa ameweka kiti kingine karibu na chake, na kitambaa safi mezani. Nikaifungua laptopu mbele yake.

“Nzuri sana,” alisema. “Rangi zake bado zile zile.”

Nilikuwa sijaiwasha.

Nilibaki na kidole juu ya kitufe. Alisikia ukimya wangu, maana alicheka kidogo, akasema tangu Pasaka anaona mwanga wa dirisha tu, na hakutaka kunivunja moyo nami natafuta kwa bidii hivyo. Nilitaka kulia, nilitaka kumgombeza, nikashindwa vyote viwili. Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wangu.

“Washa,” alisema. “Utanisomea.”

Basi nikamsomea. Nilimwambia mtu mfupi anapanda, ana kofia, na dada ashindwe. Nilimwambia miti imebeba, kahawa imeiva. Nilimweleza pia habari za mlinzi na maneno ya kweli juu ya kichwa chake.

“Amelala?” Alishangaa. “Ndiyo maana alikuwa haitikii! Na mimi miaka yote namwona ana kiburi.”

Kwenye geti la kwanza nilikaa tu bila kugusa kitu, nikihesabu moyoni, maana sasa nilikuwa naijua siri. Shangazi akageuza kichwa.

“Mbona kimya? Umemsalimia?”

“Shangazi, si amelala.”

“Na wewe ukimkuta mtu mzima amelala, unapita?”

Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti kwenye zulia lake, na miaka yangu hii. Mpola waitu. Akaitikia kwa ile sauti nzito, ikamkwama, akakohoa, akaanza upya. Tulivuka geti la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne nilitupia jicho dirishani, na nje hapakuwa na wingu hata moja. Tuliimaliza salamu yote. Geti likainuka.

Mtu mfupi akapanda hatua za mwisho, akaingia ndani ya nyumba. Kioo kikageuka chumba. Kilikuwa chumba kitupu, kuta za kijivu, na katikati maneno mawili ambayo hata mimi niliyajua bila kufundishwa, kwamba mchezo umekwisha. Hakuna kiti. Hakuna mtu.

“Tumeingia?” Shangazi aliuliza. “Kuna nani?”

Nilisogeza uso karibu na kioo, kama alivyokuwa akifanya yeye.

“Kuna mama mmoja,” nilisema bila kusita. “Ameketi mkekani. Anasema karibuni, mbona mmechelewa hivyo, nimewasubiri tangu siku ile ya radi.”

Shangazi akatabasamu taratibu, na nikajua amejua kwamba natunga.

“Ana kahawa?”

“Anayo. Ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni, kwenye kikapu.”

Akanyoosha mkono mbele, kiganja juu, jinsi mgeni anavyopokea. Nikainuka, nikachukua punje za kahawa kwenye kikapu chake mwenyewe kilichokuwa juu ya kabati, nikapiga magoti, nikamwekea kiganjani.