Tasa Wangu wa Free Area

Mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi hapa mtaa wa Free Area, na nina ugonjwa wa namba tasa, zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikipata kubwa, naiita "huyu" kama mtu. Hapo ndipo nilipojichoma.

Juzi nilikuwa kando ya zizi nikiongea kwa simu na mwalimu mwenzangu. "Huyu nimemjaribu na wote," nikamwambia. "Hakuna aliyemweza. Ni tasa kabisa."

Kugeuka, baba mkwe wangu amesimama langoni na gunia la viazi kutoka Mau Narok. Ndiye aliyetuzawadia mtamba aliye kwenye zizi hilo. Aliweka gunia chini akaenda zake bila kunywa chai. Nikadhani ana haraka.

Jumamosi akarudi na wazee wawili na daktari wa mifugo.

"Kijana, tumekuja kuhakikisha maneno ya huyo tasa wako," akasema.

Nilifurahi kweli. Hatimaye kuna mtu wa ukoo anapenda hesabu. "Karibuni, Mzee. Wacha nilete kalamu."

Niliporudi nayo, daktari alikuwa zizini, mkono umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani.

"Huyu ana mimba," akasema. "Tena imeshika vizuri."

Wazee wakanigeukia. Baba mkwe akauliza polepole, "Sasa tasa ni nani?"

Niliangalia kalamu yangu.

"Ni laki moja, thelathini na moja elfu, na sabini na moja, Mzee."