Nyota ya Mzee Sumaili

Mwamvita binti Ibrahim, fundi cherehani wa hapa Kasongo, ana ulimi mkali na hesabu kali zaidi. Ukimpelekea kitambaa cha gauni atakupima mabega kwa macho, atakuuliza jina lako na jina la mama yako, na kabla hujavuta kiti amekwisha kukuambia nyota yako, utake usitake. Watu wanacheka, lakini mtaani kwetu hakuna bibi harusi anayepanga siku ya ndoa bila kupita kwake kwanza. Hata imamu Zakaria, ambaye kila Ijumaa hutuonya tuachane na mambo ya nyota, alipotaka kumwoza binti yake alipita pale akijifanya anataka kushonewa kanzu. Kanzu yenyewe hajaja kuichukua mpaka leo.

Elimu hiyo aliipata kwa baba yake, marehemu Mwalimu Ibrahim. Kila herufi ya jina ina idadi yake. Unajumlisha jina la mtu na jina la mama yake, unatoa kumi na mbili, unatoa tena kumi na mbili, mpaka kinachobaki ndicho nyota: moja Kondoo, mbili Ng'ombe, hivyo hivyo hadi Samaki. Ukimuuliza Mwalimu kwa nini mama na si baba, alikujibu kwamba mama ana mashahidi. Hesabu zote zimo katika kitabu chake cha jalada la ngozi, na ukurasa wa kwanza una shajara, yaani orodha ya ukoo, kuanzia Mzee Sumaili aliyeanzisha mtaa wetu zama za misafara ya pembe. Wanaume watano, mmoja chini ya mwingine. Pembeni mwa jina la Sumaili pana nafasi nyeupe, upana wa vidole viwili. Mwamvita alipokuwa mtoto alidhani wino ulimwishia baba.

Sasa Mwalimu alipofariki akatuachia kazi. Kitabu hakumpa Faradji, mwanawe wa kiume, wala hakumpa Mwamvita. Alimpa imamu akitunze, pamoja na bahasha iliyofungwa, akasema: kati ya watoto wangu wawili, atakayetoa nyota ya Mzee Sumaili kama inavyopasa, kitabu ni chake. Bahasha ifunguliwe siku ya arobaini yangu.

Faradji ana duka la sukari na sabuni, na moyo wake ni mzuri, hilo sitaki mtu anibishie. Lakini kitabu akikipata kitakaa juu ya kabati kiliwe na mchwa. Mwamvita alilijua hilo, na alijua pia kwamba bila zile kurasa yeye angebaki fundi wa mikono ya magauni basi.

Siku ya tatu tu, Faradji akaja barazani kwa dada yake anatabasamu.

"Yaya, mimi nilisha maliza," akasema. "Mama ya Sumaili hakuna mutu anamujua. Basi nilitia Hawa. Baba mwenyewe aliandika: kama mama hajulikani, utie Hawa, mama ya watu wote."

"Hata mwizi wa kuku zangu ni mutoto ya Hawa," Mwamvita akamjibu, mguu haujaacha cherehani. "Ile nyota si ya Sumaili, Faradji. Ni nyota ya kila mutu."

Ila na yeye hakuwa na jina la huyo mama. Aliwazungukia wazee wa ukoo wote. Wa kwanza akamwambia mama yake Sumaili alikuwa binti wa sharifu kutoka pwani. Wa pili akamwambia alikuwa binti wa sultani. Wa tatu akasema kwa uhakika kabisa kwamba Mzee Sumaili hakuwa na mama, kisha akasikia alichokisema, akaomba chai. Siku zikayoyoma hadi zikabaki saba, Mwamvita hana kitu mkononi.

Ndipo Djamila, binti yake Faradji, akajifungua mtoto wa kike.

Katika ukoo huo mtoto akiogeshwa mara ya kwanza, mwanamke mkubwa wa nyumba humshika juu ya beseni na kumsemea maneno manne. Mwamvita alifundishwa na bibi yake, na bibi alifundishwa na bibi yake. Maana yake hakuna anayeijua. Wanachojua ni kwamba hicho ni Kiarabu cha zamani, kile cha ndani kabisa. Imamu Zakaria alipoulizwa siku moja alitikisa kichwa kwa heshima, akasema elimu ni bahari.

Basi Mwamvita kamshika mtoto, kasema maneno yake manne taratibu kama alivyofundishwa. Mlangoni alikuwepo Marguerite, mkulima wa karanga kutoka Wamaza, Mkristo, ambaye kwa miaka kumi na mbili akija sokoni huweka magunia yake barazani kwa Mwamvita. Alikuwa ameshika sufuria ya uji wa mzazi. Akaiweka chini, akaketi kando yake, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Mwamvita, nani alikufundisha Kibangubangu, luga ya kwetu?"

"Hii ni Kiarabu," Mwamvita akasema.

"Labda Kiarabu ya Wamaza. Unasema hivi: Kashindi, kuja upokee mutoto wako."

Mwamvita akamkabidhi Djamila mtoto, akafuta mikono pole pole.

"Kashindi ni nani?"

"Mimi sijue. Ni jina ya kwetu. Bibi yangu alikuwa Kashindi, na mutoto ya dada yangu iko Kashindi. Lakini huyu munamwita hapa, mbele ya mutoto... huyu ni wenu."

Mwamvita akayarudia yale maneno manne kwa sauti ya chini. Halafu, sijui alipatwa na nini, akaanza kucheka na yeye. Vizazi vitano vya watu wenye majivuno, wanamwita mama yao kila mtoto anapozaliwa, wanadhani wanasoma dua.

Kesho yake asubuhi cherehani ikafunikwa shuka. Walipanda pikipiki moja kwenda Wamaza: mwendeshaji, Marguerite, Mwamvita, na jogoo wa zawadi aliyefungwa miguu. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Walianguka mara mbili kwenye tope, na mara ya pili jogoo ndiye aliyebaki juu ya kiti peke yake, anawaangalia. Mwamvita, mwanamke wa miaka hamsini na nne, mjane anayeheshimika, alilala topeni akicheka hadi mwendeshaji akaogopa kwamba ameumia kichwa.

Huko Wamaza, shangazi yake Marguerite aliwapokea akichambua maharagwe kwenye ungo. Macho yalikuwa yamefifia, kumbukumbu hapana. Aliposikia jina la Kashindi hakuuliza ni yupi.

"Ni ule binti watu wa safari walibeba," akasema. "Hapa walilia, kiisha wakanyamaza. Miaka mingi nyuma ya pale, mwanaume akafika na kanzu nyeupe na mizigo mbili ya chumvi. Akasema, mama yangu Kashindi amekufa Kasongo, ninaleta habari yake kwao. Jina yake Sumaili. Watu walimucheka sana, maana aliongea Kibangubangu sawa mwanamuke. Alijifunza kwa mama tu." Shangazi akaacha maharagwe, akanyoosha mkono kuutafuta uso wa Mwamvita. "Munatoka kwake? Mbona mulikawia hivi?"

Mwamvita akaushika ule mkono. Alilia pale kwenye mkeka, na katikati ya kilio kicheko kikampanda tena, kwa sababu jogoo alikuwa amefungua kamba na anayala maharagwe.

Siku ya arobaini ua wa Mwalimu ulijaa. Baada ya dua, imamu akaweka kitabu na bahasha mbele yake. Faradji akasimama kwanza. Sumaili ni mia mbili na kumi na mbili, Hawa kumi na tano, jumla mia mbili ishirini na saba. Inabaki kumi na moja, nyota ya Ndoo. Wazee wakafurahi. Ndoo ni maji, ni ukarimu, ni wao kabisa.

Mwamvita akasimama. "Sumaili bin Kashindi," akasema, akaeleza alikotoka, chumvi na yote. "Kashindi ni mia tatu themanini na nne. Jumla mia tano tisini na sita. Inabaki nane. Nge."

Minong'ono ikazagaa. Mwanzilishi wa mtaa, nge, mdudu wa kuumana? Tena mama wa Wamaza, aliyebebwa? Mzee yule wa binti wa sharifu akasema huo ni uzushi, mzee wa binti wa sultani akamwambia anyamaze, na kwa dakika nzima wakarushiana maneno makali mpaka Djamila akasema taratibu, "Si mujiangalie." Ua mzima ukaangua kicheko.

Imamu akachana bahasha. Akasoma: "Hesabu yangu ni kumi na moja, Ndoo." Faradji akaruka. Imamu akainua mkono, akageuza karatasi. "Lakini nilitia Hawa, kwa kuwa sikujua, na miaka arobaini naona haya. Kama mmoja wenu ameleta jina la mama, aichane hesabu yangu. Kitabu ni chake."

Faradji akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akampelekea dada yake.

"Andika, yaya. Usikosee."

Mwamvita akafungua ukurasa wa kwanza. Pembeni mwa jina la Sumaili, kwenye ile nafasi nyeupe, akaandika Kashindi. Pakabaki upana wa kidole kimoja. Marguerite, aliyempakata mtoto wa Djamila, akachungulia juu ya bega lake, akauliza kama pale palipobaki panatosha kuandika na Wamaza. Palitosha.