Pimamaji ya Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudishia watu watano kwa pamoja: mdogo wangu Masanja, kitindamimba wetu Kabula, jirani yetu Mama Lucia, Magesa, Bwana Nyama wa idara ya wanyamapori, na bunduki yake, na mimi, niliyekuwa nimeacha shule darasa la sita ili niwalee wadogo zangu. Tuliishi ufukweni, karibu na Kigongo.

Kwanza niwaambie kwa nini nilikuwa na roho ngumu. Baba alikuwa mwashi. Siku ya tatu baada ya kumzika, ndugu walianza kuazima. Baiskeli iliazimwa, mabati yaliazimwa, hata redio. Hakuna kilichorudi. Na miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa Mwanza. Kila juma alishuka mgeni mwenye maneno matamu, mara anataka kiwanja, mara anataka samaki. Kilichotubakia ni pimamaji ya Baba, ya mbao, yenye kile kipovu kinachotulia katikati tofali likilala sawa. Niliificha chini ya kitanda, ndani ya koti lake.

Bwana Nyama aliletwa na mamba. Mamba huyo alikuwa amemvuta mama mmoja pale tulipochota maji, na Kabula alichota hapo hapo kila asubuhi. Mchana mamba aliota jua juu ya jiwe, mbali ndani ya ziwa. Darubini ya bunduki ilikuwa imelegea njiani, kwa hiyo Magesa aliketi uani kwetu akaanza kupaka skrubu mafuta ya cherehani.

"Shikamoo," nilisema bila kumwangalia.

"Marahaba, binti. Naambiwa baba yenu alikuwa fundi. Niazime pimamaji, nusu saa tu."

Niazime!

"Ilipotea," nikasema. Masanja akafungua mdomo, nikamkanyaga kidole.

Magesa alitundika jiwe kwa mshipi wa kuvulia samaki kwenye upenu, akachungulia ndani ya darubini, akaizungusha mpaka mstari wake wa wima ukalala juu ya mshipi. Lakini bunduki yenyewe ilitakiwa ikae sawa kwanza. Akalaza juu yake chupa ya soda yenye maji. Ikabiringika.

"Bwana Nyama, unatengeneza bunduki au unajenga choo?" Mama Lucia akamchokoza.

"Cheka tu, mama. Ikiinama upande kidogo, kwa karibu huoni kosa. Kwa mbali, risasi inakwenda pembeni."

Nilisikia. Nikadhani ni ujanja wa kunilainisha.

Mwishowe alikisia kwa jicho. Risasi ikarusha maji hatua moja kulia kwa mamba. Watu wakacheka, wakasema amewinda ziwa. Mamba hakupanda tena jiweni.

Basi Magesa akabaki. Kila asubuhi alisimama majini hadi magotini, mbele ya Kabula na ndoo yake. Siku ya tisa mamba akaja. Magesa alimuua kwa karibu, mahali ambapo darubini haina kazi, lakini mkia ulikuwa umeshamvunja mguu. Wakambeba hadi kwenye feri. Kabula alilia, mimi sikuweza.

Leo Masanja ni mwashi Buswelu, na pimamaji anayotumia ni ile ile ya Baba. Zamani nilijisifu kwamba niliilinda. Ilinichukua miaka kutambua kwamba kati ya wote waliokuja kuazima kwetu, Magesa peke yake ndiye aliyetaja muda wa kurudisha. Nimemuulizia mjini, wanasema alistaafu, hawajui anakoishi. Nusu saa aliyoniomba bado sijampa.