Balozi Akija Likizo Mtongwe

Wiki iliyopita mama alikuja kwangu Changamwe kuniomba mtoto. Alikuja na keki ndani ya boksi, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki mgongo wima, magoti pamoja, kama yuko karamuni. Akasubiri ndege ipite ndipo aseme, maana sisi tunaokaa upande huu wa Airport hatuanzi neno mpaka ndege imalize kuunguruma juu ya mabati. Kisha akaniambia nyumba yao ya Mikindani ni kubwa, baba ameshastaafu, hawana wa kuwachangamsha, na binti yangu huyu ni wa kwanza.

"Kwetu mtoto wa kwanza hupewa bibi yake," akasema. "Hata wewe ulilelewa na bibi yako. Ulipungukiwa na nini?"

Nilimjibu, na jibu lenyewe nitakwambia. Lakini kwanza twende Mtongwe, kwa bibi aliyenilea, kwa sababu bila Mtongwe utaniona mtovu wa heshima kwa mzazi wangu. Wengi wameshaniona hivyo.

Baba alikuwa mwanadiplomasia. Neno hilo Mtongwe halikuwa na kazi, kwa hivyo watu walimwita Balozi. Hakuwa balozi. Alianza katibu wa tatu, akapanda wa pili, akapanda wa kwanza, akastaafu mshauri, na kiti chenyewe cha ubalozi kila mara kikaenda kwa mtu mwingine. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Likoni, tena mwalimu mzuri. Wapo watu wazima wanaomsimamisha njiani mpaka leo kumshukuru. Aliacha chaki akamfuata mumewe ng'ambo. Kule wake za maofisa hawakuruhusiwa kuajiriwa, basi kazi yake ikawa kuwa mke. Alikaanga sambusa za sikukuu ya Jamhuri za kulisha ukumbi mzima. Alijua nani asikalishwe karibu na nani kwa sababu nchi zao hazisemezani. Alijifunza kucheka pale anapomwona mumewe anacheka, hata kama lugha inayosemwa haijui. Haya alinieleza mwenyewe, kwa kujivuna. Utotoni sikuyajua. Nilijua wao wako Ulaya na mimi niko kwa bibi.

Walipoondoka mara ya kwanza nilikuwa na miaka mitatu. Babu alikuwa amefariki karibuni, nyumba imepooza, na baba akaona aibu kumwacha mama yake peke yake bila hata mtoto wa kumtuma kiberiti. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa kwetu, na hakuna aliyeshangaa. Ndugu yangu alizaliwa huko huko kwenye theluji, na huyo akabaki nao.

Nisikudanganye, kwa bibi hakukuwa na dhiki. Asubuhi ilianza na ufagio wake uani, halafu tarumbeta kutoka kambi ya wanamaji, halafu harufu ya mahamri kwa jirani. Jirani huyo alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo, na mbaazi zake za nazi sijazipata tena popote. Kabla ya shule nilifagia, nikateka maji kisimani, nikamwaga makapi ya mihogo kwa kuku. Alasiri nilikwenda chuoni kusoma Kurani, kwa mwalimu ambaye fimbo yake ya henzirani ilitutazama zaidi kuliko yeye. Nikirudi, nakalia mbuzi, nakuna nazi. Bibi alikuwa hazungumzi sana. Akila samaki alinichambulia miiba mpaka nikawa mkubwa wa kuona haya, na hata hapo hakuacha.

Alichonifundisha zaidi ya vyote ni kukataa. Usicheke. Kwetu mtoto wa watu hapokei kitu mara ya kwanza. "Ukikaribishwa, sema umeshiba," bibi aliniambia. "Ukikaribishwa tena, shukuru. Ukishikiliwa, kaa ule, na usimalize sahani." Basi nikitumwa kwa jirani kurudisha sinia, ilikuwa hivi:

"Kaa ule mkate wa sinia, mwanangu, bado una moto."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini wewe, na mbavu zako nazihesabu kutoka hapa?"

"Ahsante, nimekula nyumbani."

"Wallahi hutoki hapa! Bibi yako asije akasema nakunyima. Kaa!"

Hapo ndipo nilipokaa. Jirani alijua nina njaa, mimi nilijua anajua, na kila mtu alicheza sehemu yake. Hakuna mtoto Mtongwe aliyekufa kwa kukataa, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekubali jibu la kwanza.

Sauti za wazazi wangu zilikuja kwa kaseti. Mama alikuwa akizungumza, baba akikohoa nyuma, ndugu yangu akiimba nyimbo za huko. Bibi alivaa leso safi kabla hajaruhusu redio iwashwe. Mama akisema "shikamoo, mama," bibi alijibu "marahaba, mwanangu, hamjambo?" kisha akaninyooshea kidole nisimamishe, ili ajibu salamu zote kwa utulivu. Kaseti ya nusu saa ilituchukua alasiri nzima. Mimi nilisikiliza jambo moja tu, kama watasema wanakuja kunichukua. Walisema nisome kwa bidii.

Kisha, baada ya kila miaka kadhaa, likizo. Wiki mbili kabla, bibi alipaka kuta chokaa. Wazee walioshinda msikitini walikuja na kanzu zao za Ijumaa siku isiyo Ijumaa. Masanduku yakafunguliwa mbele za watu, na kutoka humo kukatoka chokoleti iliyoyeyuka ikawa tope, blanketi nzito za kumuua mtu kwa joto letu, na mwaka mmoja koti langu la baridi, jekundu, lenye manyoya shingoni. Nililivaa adhuhuri nikatembea nalo mpaka kisimani. Baadaye bibi alimtandikia kuku aliyekuwa anaatamia, na vifaranga wote wakatoka salama.

Baba akiwa likizo alikuwa mtu wa kupendeza, hilo nampa. Aliweza kukaa na imamu, na mvuvi, na kijana wa siasa, kila mmoja akaondoka akidhani baba yuko upande wake. Jirani alikuwa akimtania: "Balozi, huko kwenu mwala nini hata mashavu yamekuwa hivyo? Au mwala na ahadi za serikali?" Baba akicheka tu. Mama alizunguka na mimi akinirekebisha mabega. Alinifundisha kushika uma. Usiku nililala kati yake na ndugu yangu, nikinusa sabuni yake ambayo haikufanana na sabuni ya mtu yeyote Mtongwe.

Likizo niliyotimiza miaka tisa, nilisikia wanapelekwa kituo kipya chenye shule inayopokea watoto wa kigeni. Mama alimwambia baba uani, na mimi niko nyuma ya mlango wa jiko nikichambua mchele, kwamba safari hii na mimi niende. Baba akasema tutaona. Kwa mtoto, "tutaona" ni "ndiyo." Nilikunja nguo zangu. Nilimpa binti wa jirani kuku wangu, yule mweupe, nikamwapisha asimchinje. Chuoni nilimuaga mwalimu, naye akanisomea dua.

Siku mbili kabla ya safari, alasiri, watu wote walikuwa barazani. Bibi, baba, mama, jirani, na wazee wawili wa msikitini. Nililetewa sinia nigawe chai. Nikafika kwa baba, akanishika mkono, akasema kwa ile sauti yake ya kupendeza, sauti ya kila mtu asikie:

"Haya, mama. Wataka kwenda nasi, au wataka kubaki na bibi?"

Mbele ya bibi. Mbele ya wageni. Fikiria mwenyewe mtoto aliyelelewa vile angesema nini. Nilitazama chini nikasema, "Nitabaki na bibi."

Kisha nikasubiri kushikiliwa.

Baba akacheka, tena cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Mwamwona? Nilisema mimi. Huyu ni wa mama." Wazee wakamsifu Mungu kwa mtoto mwenye huruma. Mama alinitazama, akatazama kikombe chake. Nikasimama pale na sinia, nikihesabu kwamba hiyo ni mara ya kwanza tu. Mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya binamu mmoja. Jirani alinitazama akafungua mdomo, halafu akaufunga, kwa sababu haikuwa nyumba yake. Adhana ya magharibi ikaingia, watu wakaondoka kwenda kutawadha, na hakuna aliyeniuliza tena.

Baba alikuwa mtu anayelipwa kujua kwamba "tutalifikiria" ya mjumbe fulani ni "hapana," na kwamba kimya cha mwingine ni "ndiyo." Alizaliwa Mtongwe, akafundishwa kukataa na mwanamke yule yule aliyenifundisha mimi. Akachukua neno la mtoto wake kama lilivyotoka, kwa sababu lilimfaa.

Na bibi alijua. Nimelizungusha jambo hili miaka mingi na halina pengine pa kutokea. Yeye ndiye aliyeniwekea jibu lile mdomoni. Alijua thamani yake. Angesema neno moja tu, "Mwulizeni tena." Alinyamaza. Usiku ule alinipa kipande cha samaki cha kichwani, kile cha wakubwa, na kwa mara ya kwanza hakunichambulia miiba. Nilimpenda bibi yangu mpaka siku tulipomzika. Sijui kumkasirikia. Nimejaribu.

Wakaondoka. Nilikwenda kumwomba binti wa jirani kuku wangu, nikamkuta amemfunga utepe mguuni na kumpa jina. Nikamsalimia kuku, nikarudi nyumbani.

Sasa turudi kwangu Changamwe. Mama alipoona siyumbi, alimgeukia binti yangu, ana miaka minne, mdomo umejaa keki. Akamwinamia kwa ile sauti, kumbe waliigawana, yeye na baba. "Haya, mpenzi wangu. Wataka kuja kukaa na..."

"Usimuulize yeye," nikasema. "Niulize mimi. Na mimi sitoi."

"Sikukasirikii," mama akasema.

"Mimi nimekukasirikia."

Hapo uso wa karamuni ukamtoka. Akaweka kikombe chini. "Wewe wadhani sikukutaka? Siku ile barazani, nilikuwa nimeshamwambia baba yako: akilia tu, tunamchukua, hata mama yako anune. Nilisubiri ulie. Nilikutazama. Hukulia. Ulisimama na sinia kama mhudumu."

"Nilikuwa na miaka tisa, mama."

"Najua."

"Nyinyi wawili watu wazima, na kazi ya kulia mkanipa mimi?"

Alitazama mikono yake, ile iliyokaanga sambusa za watu wasiomjua jina, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye baraza ile akisubiri mtu mwingine aseme analolitaka yeye. Nilimwonea huruma. Huruma haikubadilisha jibu. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikambusu mkono, akasema nimsalimie mume wangu.

Mtongwe nilikwenda mwezi uliopita, kwa maziko ya jirani. Nyumba ya bibi imebomolewa, pamejengwa vyumba vya kupangisha, kisima kimefunikwa kwa zege na juu yake mtu ameegesha mkokoteni. Wanaokaa humo wametoka bara na kwingineko, watu wema. Mama mmoja alinikaribisha chai mlangoni kwake, nami nikasema nimeshakunywa. "Haya, karibu siku nyingine," akasema, akaingia ndani. Nilibaki nimesimama kama mjinga. Hakuna tena anayeshikilia mtu pale. Wanauliza mara moja, wanalichukua jibu, na sidhani wana makosa.

Jana jirani yangu wa hapa alimkaribisha binti yangu wali wa nazi. Hata hajamaliza kutamka, mtoto alishanawa, ameketi, anauliza nyama iko wapi. Wanawake wa ploti wakatazamana. Mmoja akasema, kwa makusudi nisikie, kwamba watoto wa siku hizi hawafunzwi.

Nilikuwa naanika nguo. Nikamwambia mwenye wali, "Mwongezee."