Upande wa Pili wa Komeo

Kila mkinikuta mnaniuliza habari za Komeo. Nikienda sokoni, Komeo. Nikiwa msibani, jamani, maiti hata haijatolewa ndani, mtu ananivuta nguo: "Bibi, hebu tuambie, ule wimbo ulikuwaje?" Mimi si redio. Na kalamu naishika kama mwiko, mkono wote unauma. Lakini kwa kuwa mmeng'ang'ania, na kwa kuwa wanaosimulia wanasimulia upuuzi mtupu, nitaandika mara hii tu. Msinirudie.

Mwenye wimbo ni wifi yangu. Sikusema aliyeuimba. Aliyeuimba ni kaka yangu, huyo mnamjua, sauti yake mmezaliwa mmeikuta. Ila mwenye wimbo ni mkewe, dobi wa hospitali, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyochunwa na sabuni, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Komeo mpaka wengine wanadhani ndilo jina alilopewa na wazazi.

Wimbo mnaoujua unasema mwanamume katoka kazini, mvua inamnyea, anabisha hodi, mke katia komeo hafungui, majirani wanachungulia na kucheka. Kaka analia humo ndani mpaka unatamani umpelekee taulo. Basi tangu ulipoanza kupigwa redioni, wifi hakupata raha. Akipanga foleni ya maji: "Mpisheni Mama Komeo, asije akatufungia bomba!" Akienda harusini, kuna mtu lazima amwambie bwana harusi auchunguze mlango kwanza. Binti yake alipochumbiwa, shangazi za kijana walikuja kuuliza kama hilo komeo linarithiwa. Walicheka, ndiyo. Lakini waliuliza.

Na siku yenyewe ya hilo komeo, haikuwa usiku, kama wanavyodai wajuaji. Ilikuwa mchana. Binti huyohuyo alikuwa mchanga, ana surua, macho yamevimba, analia usiku na mchana. Wifi alikuwa anamtembeza chumbani, kutoka kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, maana chumba kilikuwa hicho kimoja. Mchana ule mvua ikaanza kupiga bati, na kwa kishindo hicho, ajabu, mtoto akafumba macho. Wifi akamlaza taratibu kama anaweka yai. Hata kukaa hajakaa, akasikia vicheko uani. Bendi nzima ya kaka imetoka mazoezini. Akaruka akatia komeo.

"Mke wangu, fungua! Tumelowa chapachapa."

"Mmelowa nani na nani?"

"Mimi na wenzangu."

"Na dramu?"

"Na dramu, ndiyo. Itaharibika."

"Basi kaeni nayo hapo hapo barazani."

"Unaniaibisha mbele ya watu, mama."

Wifi akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Mtoto ndiyo kwanza kalala. Ukitaka kuingia, vua viatu, vua na sauti, ndipo uingie."

Mpiga saksafoni, yule waliyemwita Mapafu, alicheka mpaka akakaa kwenye maji. "Shemeji, rudia hayo!"

"Sirudii. Na wewe Mapafu punguza hayo mapafu."

"Kaka," Mapafu akamwambia kaka yangu, "haya maneno usiyaache yakaenda na mvua."

Hayakwenda. Walikaa barazani, wamejibanza chini ya bati, wakatunga wakinong'ona. Naam, wakinong'ona! Mwanzo wa wimbo, mume analalamika. Kisha gitaa linacheza peke yake kidogo, kisha kaka anageuza sauti, anaimba majibu ya mke: kwamba komeo hakumtilia mume, alizitilia kelele, kwamba mtoto amelala, vua viatu, vua na sauti. Na mume anavua viatu, anaingia kwa ncha za vidole, wimbo unaisha polepole kama mtu anayefunika mtoto shuka. Wakati ule ukipigwa dansini, watu walikuwa wanavua viatu kweli, wanacheza peku. Wifi akienda dansini wanampisha mbele kwa heshima. Hilo hamkuambiwa.

Walipokwenda kurekodi, fundi mitambo akawaambia wimbo ni mrefu, hauenei upande mmoja wa santuri. Akaukata katikati. Malalamiko ya mume yakakaa upande wa kwanza, majibu ya mke upande wa pili. Na watu wa redio mnawajua. Upande wa kwanza ukiisha, wanaitoa santuri wanaweka nyingine. Nani ana shida ya kugeuza?

Wifi alimlalamikia mumewe. "Umeniacha nusu, mwenzangu. Nusu mbaya."

"Wenye akili watageuza," kaka akamjibu. Ndivyo alivyokuwa, kila kitu kwake kesho. Akafia safarini na bendi, na wenziwe wakamfuata mmoja baada ya mwingine, Mapafu naye. Watu wa dansi wale wamekwisha. Imebaki redio.

Sasa majuzi redio imeanzisha kipindi cha kueleza nyimbo za zamani zilitokana na nini. Wifi yuko jikoni kwake, anasikia kijana anasema kwa sauti ya asali kwamba Komeo ni kisa cha kweli, cha mke mwenye wivu aliyemlaza mumewe nje. Wifi akazima moto, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda huko huko redioni.

Mlinzi alimzungusha weee, mwisho mtangazaji akatoka mwenyewe. Kijana ana adabu zake, siwezi kumsingizia.

"Bibi yangu, wimbo tulionao ni ule mmoja tu, uko kwenye kompyuta."

"Una pande mbili."

"Kompyuta haina pande, bibi."

Akarudi nyumbani, akapindua masanduku, akaipata santuri imefungwa kwenye shuka. Akaipeleka. Wakamwambia mashine ya kuchezea santuri waliitupa zamani. Akaenda kwa fundi redio, akamganda mpaka akamtolea ule upande wa pili akautia kwenye flashi. Binti yake, ambaye sasa ana wajukuu, akamwambia, "Mama, mimi nimeusikia, najua uliniwekea mimi hilo komeo. Inatosha."

"Wewe uliwahi kuniita Mama Komeo?"

"La."

"Basi haitoshi. Nataka waliosikia vile wasikie na hivi, mahali palepale."

Flashi ikapokelewa, siku ikatajwa. Wifi akaita majirani, akatandika mikeka, akaazima redio kubwa. Watu wakajaa mpaka mlangoni. Na mimi nilikuwapo, nimekaa karibu naye.

Kijana akasema leo kuna zawadi, upande wa pili wa Komeo! Watu wakashangilia. Gitaa likaanza, lilelile, yaani nywele zilinisimama. Likacheza pale linapocheza peke yake. Wifi akainua kidole: sasa. Kaka akavuta pumzi aanze, tuliisikia ile pumzi.

"Naaam wasikilizaji!" kijana akadakia. "Hii ndiyo Komeo bwana! Salamu zimwendee mwenyewe Mama Komeo, mwanamke wa shoka, aliyemlaza mume nje! Salamu pia ziwaendee wote wa gereji, na shemeji yangu wa duka la vipuri, na..."

Akataja watu. Akataja, akataja. Chini yake kaka alikuwa anaimba, unasikia kama mtu anayeongea chumba cha pili. Alipochoka kijana, ilibaki milio ya gitaa tu inazimika, likaja tangazo la magodoro.

Pale mikekani watu wakapiga makofi. "Mama Komeo, umetajwa redioni! Hongera!" Mmoja akamkumbatia. Wifi akainuka. Alikunja mikeka watu wakiwa bado wameikalia.

Asubuhi yake alikuwa amesimama mbele ya kijana.

"Bibi, si tumeupiga?"

"Mmeupiga. Hamkuunyamazia."

"Lakini nilikutumia salamu!"

"Nilikuomba salamu mimi?"

Kijana akasema ataangalia nafasi. Bado anaangalia. Kila siku ya kipindi wifi yuko kwenye benchi la mapokezi, mkoba magotini, na walinzi nao siku hizi wanamsalimia, "Shikamoo Mama Komeo," halafu wanatazamana.

Basi, mmepata mlichotaka. Sasa ni zamu yenu. Simu mnazo, na namba ya redio mnaijua, kila siku mnapiga kusalimia mashemeji. Pigeni. Msitume salamu kwa mtu yeyote. Semeni mnataka Komeo upande wa pili, wote, na kijana afunge mdomo mpaka uishe. Na usipopiga, usinisimamishe tena njiani kuniuliza.