Mwaka Nilioitwa Gladness

Maganda ya kahawa yakilundikwa siku tatu huchacha, na harufu yake haifanani na kahawa hata kidogo. Iko kati ya pombe ya mbege iliyopitiliza na ndizi mbivu iliyosahaulika kwenye gunia. Mwezi uliopita nilikuwa Mbinga, mbali kabisa na kwetu, nimeshuka kwenye basi kununua maji, upepo ukaniletea harufu hiyo kutoka mashine ya kumenyea kahawa ng'ambo ya barabara. Chupa ikanibaki mkononi. Nina miaka arobaini na minne, lakini mtu angeita "Gladness!" wakati ule, ningeitika "Nipo, mwalimu," kwa sauti ya kitoto.

Siitwi Gladness. Mama aliniita Elinuru, na kwa jina hilo nilibatizwa. Lakini cheti changu cha kidato cha nne kinasema Gladness Samweli, na nadhani umefika wakati niwaambie ilikuwaje, kabla sijafa watu wakashindwa kuelewana waandike nini msalabani.

Tulikaa kwenye mteremko wa Meru, juu ya Usa River, mahali ambapo ukitema mbegu ya chungwa unaukuta mche. Baba alikwenda Mererani kuchimba tanzanite nikiwa darasa la nne. Mwanzoni alirudi kila Krismasi. Baadaye zilirudi salamu zake. Baadaye hata salamu zikachoka njia. Mama alibaki na kahawa, migomba, ng'ombe mmoja wa bandani, na sauti yake ya alto kwenye kwaya ya usharika. Hiyo alto msiidharau, ndiyo iliyonisomesha.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache siku hizo, na katika shule yetu nzima walichukuliwa wavulana wawili. Jumapili iliyofuata baba mdogo alikuja, akakaa kwenye kigoda, akanywa maziwa yetu taratibu kama mtu mwenye habari njema. Alikuwa amenipatia nyumba huko mjini, Sokon One, kwa mama mmoja mwenye mapacha aliyekuwa anatafuta msichana wa kazi.

"Shemeji," alisema, "shule imemkataa. Tusiikatae na riziki."

Nilikuwa nyuma ya jiko nazungusha mashine ya kumenyea kahawa, mikono inateleza kwa ute wa kahawa, na lile rundo la maganda likininukia puani. Niliacha kuzungusha.

"Siendi."

"Umemsikia mtoto huyu?" baba mdogo aliuliza.

"Nimemsikia," Mama alisema. "Amesema haendi."

Baba mdogo alimalizia maziwa akaondoka bila kuaga, na kwa mwaka mzima akawa anatusalimia kwa kidevu tu.

Kurudia darasa la saba kulikatazwa, lakini kila mtu aliijua njia. Mtoto akiacha shule akiwa la tano au la sita, jina lake liliendelea kukaa kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu mwenye huruma, au mwenye hamu ya kufaulisha, alimwingiza mtoto mwingine chini ya jina hilo. Nchi hii ina manesi, wachungaji na mabwana shamba ambao mama zao wanawaita jina moja na mwajiri wao jingine. Ukimwona mtu mzima anaitwa kwa jina lake anachelewa kidogo kugeuka, usimwone kiziwi.

Mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa ng'ambo ya korongo aliimba besi kwenye kwaya ile ile ya Mama. Baada ya mazoezi ya Alhamisi moja, Mama alirudi nyumbani akaniambia: "Kuanzia Jumatatu unaitwa Gladness Samweli. Mwenyewe aliacha shule la sita, baba yake alihamia naye Usa River kwa shangazi yake, sasa hivi anakata maua shambani. Jina lake limekaa bure. Kalifanyie kazi."

Wiki ya kwanza mwalimu wa darasa aliita Gladness mara tatu, na mimi nikageuka kumtafuta huyo msichana asiye na masikio. Wenzangu walicheka mpaka wakagonga madawati. Kuanzia hapo nikawa Gladness wa Kukodi. "Gladness wa Kukodi, unarudishwa lini kwa mwenyewe?" walinipigia kelele tukivuka korongo. Niliwajibu, "Nikishawapita wote!" Jumamosi nilikwenda mafundisho ya kipaimara na huko nilikuwa Elinuru. Siku moja mchungaji aliniita nikakaa kimya, nikimtazama tu, kwa sababu kwa siku tano nilikuwa mtu mwingine na nilikuwa bado sijarudi. Aliniuliza kama nina matatizo ya imani. Nilijibu hapana, ni usingizi.

Nilisoma kwa hasira. Sijui kama walimu wanaifahamu njia hiyo ya kusoma, lakini inafaa. Kila kanuni ya hesabu niliyoishika nilimtupia baba mdogo kichwani. Mama alikuwa akinipita na karai la majani ya ng'ombe, ananiambia, "Mgomba hauulizi nani kaukata. Unachipua tu." Basi nilichipua.

Majina yalipobandikwa kwenye mlango wa ofisi, Gladness Samweli lilikuwa la kwanza kwa wasichana. Mama alilisoma kwa kidole, akaimba alto peke yake pale uwanjani, bila soprano wala besi, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Hatukujua kwamba habari njema ina miguu. Ilishuka mlima mpaka Usa River. Mtu mmoja akakutana na Mzee Samweli sokoni akamwambia hongera sana kwa binti. Tulisimuliwa baadaye kwamba mzee alizipokea zile hongera kwa heshima zote, akamnunulia yule mtu mbege, wakanywa, na kata ilipoisha ndipo akauliza, "Hivi binti amefanya nini?"

Kesho yake alipanda mlima, na binti yake nyuma.

Tulikutana ofisini kwa mwalimu mkuu. Yeye alikuwa nyuma ya meza, anafuta jasho ingawa mwezi ule hata mbwa walitafuta moto. Mwinjilisti wa mtaa aliitwa awe shahidi. Mama na mimi tulikaa benchi la dirishani, Mzee Samweli na binti yake benchi la ukutani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwenye jina. Alikuwa mrefu, vidole vimechanwa na miiba ya waridi, khanga mabegani.

"Jina la mwanangu limefaulu," Mzee Samweli alisema. "Mwanangu anakwenda."

"Mzee mwenzangu," mwalimu mkuu alisema, "tulimalize humu humu. Likifika wilayani mimi sina kazi, na nafasi hakuna atakayeipata."

Mwinjilisti alifunga macho. "Wapendwa, kwanza tuombe."

"Tumeomba mwaka mzima, mwinjilisti," Mama alisema. "Leo tuongee."

Nikasimama. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kwetu mtoto hasimami wakubwa wakiwa wanaongea.

"Mzee, jina ni lako. Alama ni zangu. Kama unataka jina, lichukue, ulipeleke kwenye chumba cha mtihani likafanye hesabu lenyewe."

"Mtoto huyu hana adabu!"

"Adabu ninayo, mzee. Nafasi ndiyo sina."

Mama alinivuta sketi, sikukaa. Niligeuka kwa yule msichana, na hapa naomba mnisikilize bila kunihukumu haraka. Nilimwambia: "Na wewe ulikuwa wapi? Haya, duara lina nusu kipenyo cha sentimita saba. Eneo lake ni ngapi?"

Alitazama vidole vyake.

"Mia moja hamsini na nne," nikajijibu mwenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mstari wa bendera.

Gladness akasema, polepole, "Baba, mwacheni aende. Mimi sikufanya mtihani. Nitafika huko niseme nini?" Baba yake alianza kufoka, lakini yeye alikuwa ameshasimama. Alimwamkia Mama shikamoo ya kuagia, akatoka, na mzee akalazimika kumfuata, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kugombania nafasi ya mtoto ambaye ameshafika getini.

Nikaenda. Nilisoma miaka minne kwa jina lake, nikapata cheti, na baadaye nikajifunza upishi wa kambi za watalii. Tangu hapo sijakaa mahali nikazeeka. Nimepika Karatu, Mpanda, Kilwa, Mbinga. Kila ninapofika napokelewa kama Gladness, na nikishachoka kuitwa hivyo nafunga begi.

Tulikutana tena tukiwa tumeshavuka miaka thelathini, Usa River, anauza nyanya na karoti kando ya barabara ya Moshi. Yeye ndiye aliyenitambua. "Vipi, mimi!" alipaza sauti, wateja wakageuka. Alininunulia soda, akakataa nilipie. Tukanywa tumekaa juu ya kreti.

"Hebu niambie," aliuliza, "nilipata divisheni ngapi?"

"Ya tatu."

"Si mbaya. Na hesabu?"

Nilitazama barabarani. "Ulifeli."

Alicheka hadi soda ikampalia. "Na lile duara lote!"

Nilicheka naye. Nilirudi nyumbani siku ile nikiamini kwamba mambo yetu yameisha vizuri, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nasimulia kisa hiki kama kisa cha ushindi: msichana mmoja dhidi ya wazee ofisini. Watu walikipenda. Mimi pia nilikipenda.

Lakini kuna jambo nilikuwa naliruka, si kwa kuficha, ila kwa sababu sikujua kama ni jambo. Siku ile ofisini Gladness alikuwa amenyolewa kipara. Kipara kipya, cha wembe, kimemwachia mkwaruzo mdogo nyuma ya sikio. Wasichana wa mashamba ya maua walisuka nywele zao, wengine hadi mabegani. Nilimwona, nikafikiri ana mba. Kila baba yake alipokuwa anaongea, alipitisha kiganja kichwani, kutoka utosini kwenda kisogoni, taratibu, kama mtu anayejaribu nguo mpya.

Miaka michache iliyopita binti yangu alichaguliwa kidato cha kwanza. Tulikuwa tumepanga Ngaramtoni. Jumapili kabla ya kuripoti nilimkalisha uani nikamnyoa, maana shule haipokei msichana mwenye nywele. Nilipomaliza alisimama, akapitisha kiganja kichwani, kutoka utosini kwenda kisogoni. Wembe ukaniponyoka.

Gladness hakuja kusindikiza baba yake. Alikuja kwenda shule.

Sitaomba radhi kwa kusoma. Nikirudishwa ofisini mle leo, nitasimama tena, na sketi ivutwe hadi ichanike. Ila sitageukia benchi la ukutani. Nitaigeukia meza. Watu wazima wanne walikuwa mle ndani, na kila mmoja alijua maana ya kichwa kile kilichonyolewa. Waliona watoto wawili waliokuja tayari kwa shule, wakanyamaza, wakatuacha tumalizane wenyewe. Na mimi, nikijiona jasiri kuliko wote, nikawasaidia kazi.